Jinsi nilivyopata damu ya pili

Mgonjwa mwenye homa huja maabara mwenyewe. Akishapona, wewe ndiye utakayemtafuta. Utafiti wetu wa dengi na chikungunya, homa mbili za virusi zinazoenezwa na mbu, hapa Temeke haukuwa na maana bila damu ya mtu aliyekwishapona, na kuipata ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote.

Kingamwili ni chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Za mwanzo, IgM, huanza kuonekana karibu siku ya 5 ya homa. Aliyekuja siku ya 2 anaweza kupimwa akaonekana hana kitu, kumbe anaumwa kwelikweli. IgG, zinazofuata baadaye, hukaa miaka. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi 2010, 2014 na 2019. Mtu wa Buguruni akikutwa na IgG leo, utajuaje kama ni za homa hii au za 2014? Tena dengi, Zika na homa ya manjano ni virusi vya ukoo mmoja, hivyo kingamwili za kimoja hushika kingine kwenye ELISA, kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili. Hata chanjo ya homa ya manjano inaweza kuleta mkanganyiko, ndiyo maana nilikuwa nawauliza wafanyabiashara wanaosafiri kama wamewahi kuchanjwa.

Njia ya kutoka hapo ni damu mbili: ya siku za homa, na nyingine wiki 2 au 3 baadaye, zipimwe pamoja. Kiwango cha kingamwili kikipanda mara 4 au zaidi, maambukizi ni ya karibuni.

Sasa mwambie hayo mtu aliyekwisharudi kazini. “Dada, mimi nimeshapona, damu ya nini tena?” Simu nazo hazikutosha. Namba ni ya jirani, au haipatikani, au mwenyewe yuko shamba Mkuranga. Na kuna hofu ambayo sikuipuuza hata kidogo, ya kwamba damu inakwenda kuuzwa. Mtu ana haki ya kuuliza damu yake inakwenda wapi.

Kilichosaidia ni kuyamaliza mazungumzo siku ileile ya kwanza, kabla hajainuka kwenye kiti. Nilimwonyesha kichupa: mililita 3, kijiko cha chai hakijai. Nilimweleza itapimwa nini, kwa nini moja haitoshi, na kwamba akikataa matibabu yake hayabadiliki. Kisha nilimuuliza hupatikana wapi na saa ngapi. Mama lishe nilimfuata jioni baada ya kuosha vyombo. Muuza samaki wa Feri huamka usiku wa manane, kwa hiyo mchana unamkuta amelala. Huyo ni wa alasiri. Mtaani sikuingia bila barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mjumbe alinitangulia mlangoni. Mzee mmoja aliipokea shikamoo yangu, akasoma fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, ndipo akakunja mkono wa shati.

Upande wa maabara nitaueleza kwa ufupi. Seramu ya kwanza, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, iligawiwa kwenye vichupa vidogo ikagandishwa nyuzi 80 chini ya sifuri, isiyeyushwe mpaka ya pili ifike, kwa sababu majibu ya siku mbili tofauti hayalinganishiki vizuri. Zote mbili zilipashwa nyuzi 56 kwa dakika 30, zikazimuliwa 1:10 (sehemu moja ya seramu katika kumi), 1:20, 1:40 na kuendelea, zikachanganywa na virusi hai, kisha zikamwagwa juu ya seli za Vero, ambazo asili yake ni figo za tumbili. Siku kadhaa baadaye unatia rangi na kuhesabu matundu, yaani mahali virusi vilipoua seli. Kila tundu ni kirusi kilichoponyoka kingamwili. Uzimuaji wa mwisho unaozuia asilimia 90 ya matundu ndio kiwango cha mtu huyo.

Kijana wa bodaboda wa Mbagala alikuwa na kingamwili za dengi 1:80 kwenye damu ya kwanza, za chikungunya hakuna. Kwenye ya pili za dengi zilibaki 1:80, za chikungunya zikafika 1:320. Dengi yake ilikuwa ya zamani. Kilichomlaza safari hii ni chikungunya. Nilimpelekea majibu kijiweni mwenyewe, maana alikuwa akinunua dawa ya malaria kila viganja na magoti yakimuuma. Nikamweleza kuwa maumivu hayo ya viungo yanaweza kuendelea kwa wiki au miezi, na nikampa barua ya kumwona daktari.

Si wote walitoka na jibu kamili hivyo. Anayeugua dengi kwa mara ya pili, kingamwili zake hupanda dhidi ya aina zote 4 za kirusi cha dengi kwa pamoja, na kipimo hiki hakiwezi kusema ni ipi iliyomwingia sasa. Kwa hao inabidi kukikamata kirusi chenyewe siku za mwanzo za homa. Tuliwaandikia “dengi, maambukizi ya karibuni”, na nafasi ya aina tukaiacha wazi.