Kaburi Linalotitia

Miezi michache baada ya mazishi, kaburi limebonyea katikati na zege lake limepasuka. Lawama zote humwangukia fundi aliyejengea. Mara nyingi kosa lake ni moja tu: kukubali kazi mapema.

Udongo ukichimbuliwa huumuka. Ujazo wake huongezeka kwa robo hivi. Ndiyo maana baada ya kufukia hubaki tuta. Tuta hilo lisisawazishwe, ni akiba ya kujazia kaburi litakaposhuka. Mshuko wa pili huchelewa, na huja ghafla: udongo uliolowa wenye kina cha mita 1 juu ya jeneza la mtu mzima waweza kufikia tani 2, na mbao zikioza mfuniko huvunjika. Zege lililo juu hubaki bila kitu chini yake.

Dawa yake ni siku ile ile ya kuzika. Jaza kwanza pembeni mwa jeneza, kisha panda kwa tabaka za sentimita 30, kila moja ishindiliwe. Ya kwanza juu ya mfuniko kwa upole. Mawe makubwa yatupwe kando, maana huvunja mfuniko na kuacha mianya. Waombolezaji wakiwa wengi makoleo hushindana, tuta likainuka kwa dakika kumi. Inapendeza kutazama, ila hakuna aliyeshindilia.

Uchimbaji nao una mitego. Jeneza hupimwa pamoja na vishikio, penye upana mkubwa zaidi, kisha huongezwa sentimita 10 kila upande. Anayepima mbao tu ndiye hulikwamisha katikati ya shimo, watu wote wakitazama. Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, kwa sababu uzito wake ndio humega kingo, hasa penye kichanga. Shimo likipita mita 1.2, kuta zizuiwe kwa mbao, na mchimbaji asiachwe peke yake.

Kujengea kungoje miezi 6 hadi 12, na msimu wa mvua uwe umepita. Kwa sasa kibao chenye jina na namba kinatosha. Familia isiyoweza kungoja imwage bamba la zege lenye nondo, refu na pana kuliko shimo, likalie sentimita 20 za ardhi isiyochimbwa kila upande.