Pikipiki ya kawaida, milima ya kweli: Mgeta na Lushoto kutoka Dar

Dar ni tambarare, na ndiyo maana pikipiki nyingi za hapa huonekana nzima mpaka siku zinapopelekwa mlimani. Kutoka Mbagala mpaka Bunju hakuna mteremko wa kuitesa breki. Foleni inakula klachi, matuta yanakula shokapu, lakini breki ya nyuma iliyobaki nyembamba kama karatasi inaweza kuzunguka mjini miezi kadhaa na mwenye chombo asijue. Ipandishe Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, ukiwa na abiria na begi, kisha anza kushuka kurudi Mombo. Utajua kabla hujafika Soni, iliyo katikati ya njia.

Naandika kwa ajili ya watu wa Boxer, TVS na Honda ndogo, yaani cc 125 hadi 150. Njia za milimani ambazo mtu wa Dar anazifikia kwa siku moja zinapitika kwa mashine hizo, na kwenye udongo wa Uluguru, milima ya Morogoro iliko Mgeta, wepesi wake ni faida kubwa kuliko nguvu za pikipiki kubwa. Ila zinataka maandalizi yasiyohitajika mjini.

Anza na breki ya nyuma, ambayo kwa nyingi ya hizi ni ya dramu. Pale mkono wa breki unapoingia kwenye kitovu cha gurudumu kuna mshale mdogo na alama ya kipimo. Mtu mmoja akanyage breki mpaka mwisho, mwingine achuchumae aangalie mshale. Ukifika mwisho wa alama, breki shuu (vipande vinavyosugua ndani ya dramu) zimekwisha, hata kama pikipiki bado inasimama. Kukaza ile nati ya kwenye fimbo ya breki kunarudisha tu pedali juu, hakurudishi shuu iliyolika. Mbele, kama ni diski, chomoa pedi uzione kwa macho: zikiwa chini ya milimita 2, weka mpya. Kisha fungua kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yamwage yote, weka mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima. Diski ikipata moto mteremkoni, maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke, na mvuke unabonyea: unavuta breki hadi inagusa mpini na pikipiki haisimami.

Baada ya breki, nguvu. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi na petroli inazidi. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Kwa cc 150 yenye watu wawili, hasara hiyo utaihisi mlimani kwenye gia ya tatu. Dawa ya bei rahisi ni sproketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta cheni) yenye jino moja pungufu. Kama yako ina meno 14, ya 13 inaongeza uvutaji kwa karibu asilimia 8. Gharama yake ni kwamba kwenye lami injini itazunguka zaidi kwa kiwango hichohicho, hivyo Chalinze hadi Segera usiifukuze. Usiguse kabureta kwa safari ya siku tatu. Watu huibana petroli ili injini itulie huko juu, halafu wakirudi ukanda wa joto inachemka na kukosa nguvu.

Cheni ilegee milimita 25 hadi 30, na uipime mtu akiwa amekaa juu, kwa sababu uzito unaikaza. Tairi ziwe na vidole vilivyoachana, zile nyororo za mjini zikishajaa udongo zinateleza kama sabuni. Upepo kwenye lami: mbele 25 psi, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba mtu. Kwenye matope unaweza kushusha mpaka 20, usiende chini ya hapo. Tairi hizi zina tyubu, na tairi legevu huzunguka kwenye ringi ikaiburuta tyubu mpaka kichwa cha kujazia upepo kinang'oka. Pancha ya namna hiyo haizibiki.

Kwenye begi weka tyubu ya mbele na ya nyuma (kwa Boxer ni 2.75-17 na 3.00-17), pampu ya mkono, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana za 10, 12, 14 na 17, plagi, loki ya cheni na lita moja ya oili. Waya wa klachi ninauweka peke yake, kwa sababu ndio unaokatika zaidi milimani. Usiubebe kwenye begi. Upitishe sambamba na ule wa zamani kabla ya kutoka, uufunge kwa kamba za plastiki, ncha zake uzifunike kwa nailoni. Siku ukikatika unahamisha ncha mbili tu, kazi ya dakika 10, badala ya kuvua tangi kando ya barabara mvua inanyesha.

Jaribio la kwanza lifanyike Kisarawe. Pita Gongo la Mboto, Pugu, panda Kisarawe, endelea kuelekea Maneromango, geuza. Ni nusu siku, vilima ni vidogo, lakini ukiwa na mzigo wote uliokusudia kuubeba utagundua begi linalohama, shokapu lililokufa na helmeti inayobana kichwa. Bora uyajue huko kuliko Mkata, njiani kwenda Lushoto.

Sasa Mgeta. Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Toka saa 11 alfajiri uwe umepita Kibaha kabla magari hayajajaa. Mto Ruvu utakaouvuka baada ya Mlandizi unaanzia kwenye Uluguru hiyohiyo unayokwenda kuipanda, na ndio unaojaza mabomba ya Dar. Lala Morogoro. Asubuhi jaza tangi, shika barabara ya Iringa mpaka Sangasanga, kata kushoto kwenda Mzumbe, pita Mlali. Baada ya Mlali mlima unaanza kweli: kona baada ya kona, mashamba yamekatwa kama ngazi kwenye kuta za bonde, kabichi, viazi na njegere mpaka juu kabisa kwa macho.

Hatari ya Mgeta inakuja siku kavu. Wakulima wa huko wanamwagilia kwa mipira inayoshusha maji kutoka kwenye vijito vya juu, na viungo vya mipira vinavuja. Unatoka kwenye vumbi, unaingia kona yenye kivuli, na katikati ya kona kuna udongo mwekundu ulioloa wenye upana wa mita mbili. Ukishika breki ya mbele hapo umeanguka. Ingia kila kona ya kivuli ukiwa tayari umeshapunguza, gia ya pili, mkono wa klachi umeachiwa, gesi kidogo ya kudumu, miguu ibaki kwenye vikanyagio. Kushusha miguu ili "kujisaidia" kunaondoa uzito kwenye gurudumu la nyuma wakati ambapo ndilo linalokushikilia.

Upande wa mashariki wa Uluguru, yaani njia ya Bigwa kwenda Mkuyuni, Matombo hadi Kisaki, ni kijani kuliko Mgeta kwa sababu unapokea pepo za baharini na mvua nyingi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo unaweza kukuta utelezi huko hata mwezi wa Agosti. Udongo wake unajikusanya kati ya tairi ya mbele na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ongeza washa nene kwenye boliti za madigadi ya mbele uinyanyue sentimita moja na nusu, na beba kijiti kigumu cha kukwangulia. Mvua ikinyesha, egesha kwenye kijiji unywe chai. Jua la muda wa saa mbili au tatu linabadilisha barabara kabisa.

Lushoto ndiyo safari kamili. Ni zaidi ya kilomita 350 kutoka Dar, na kwa mwendo wa 60 hadi 70, matuta na mapumziko, ni saa nane mpaka tisa. Kuna njia mbili za kufika Msata, iliyo kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera. Moja ni kupitia Kibaha na Chalinze. Nyingine ni Bunju, Bagamoyo, kisha lami ya kilomita 64 ya Bagamoyo hadi Msata. Kwa mtu wa Tegeta, Mbezi Beach au Mwenge naipendelea ya Bagamoyo bila kusita: malori ni machache na asubuhi ni ya baridi. Kuanzia Msata mnaungana na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma nje kwanza kisha unakuvuta ndani. Inama kidogo, legeza mikono kwenye mpini, usilijibu kwa breki. Na ukingo wa lami mahali pengine una kina cha kiganja, kwa hiyo usikae kwenye mstari wenyewe, kaa nusu mita ndani.

Pita Wami, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe. Baada ya Korogwe ukuta wa Usambara unasimama mkono wa kulia, mashamba ya mkonge chini yake. Uwe Mombo kabla ya saa 8 mchana. Hapo pumzisha injini robo saa, gusa kitovu cha nyuma kwa kiganja, angalia upepo, vaa koti hata kama unatoka jasho, kwa sababu Juni hadi Agosti huko juu kuna baridi ambayo mtu wa Dar haijui.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami nyembamba iliyobandikwa ubavuni mwa mlima, na kati yake kuna Soni na maporomoko yake yanayoonekana kutoka barabarani. Piga honi kabla ya kila kona isiyoona mbele. Mchana na jioni malori ya mboga yanashuka, na dereva wa lori lililojaa kabichi anahitaji upana wote wa kona. Muachie. Baada ya mvua tegemea mawe na udongo ulioporomoka upande wa ukuta, tena mara nyingi jiwe linakuwa pale pale ulipopanga kuweka gurudumu, kwa hiyo macho yawe mwisho wa kona, si kwenye tairi.

Lala Lushoto. Siku ya pili Irente iko kilomita chache tu, ukisimama ukingoni unaiona tambarare ya mkonge iliyo chini ya miguu yako. Lakini kama una siku nzima, nenda Mtae: Magamba, Lukozi, Sunga, mpaka kijiji kinapoishia kwenye genge linaloitazama Mkomazi. Ni zaidi ya kilomita 60 kwenda, ya vumbi kwa sehemu kubwa, na kwangu hakuna njia inayoishinda katika nchi hii ya kaskazini-mashariki. Jaza tangi Lushoto, maana mbele utategemea petroli ya chupa. Ukiinunua, iache itulie uangalie kama kuna maji chini. Msitu wa Magamba hushikwa na ukungu mchana, kwa hiyo panga kurudi ukiwa na mwanga wa kutosha.

Kushuka ndiko kunakohitaji maneno mengi. Kutoka Lushoto hadi Mombo unapoteza takriban mita 1,000 za mwinuko. Nguvu yote hiyo lazima iende mahali, na ni pawili tu: breki au injini. Mazoea ya kuteremka frii, au kuzima kabisa ili kuokoa mafuta, yanaipeleka yote kwenye breki. Dramu inapata moto, inatanuka na kuachana na shuu, pedali inazama, na harufu ya kuungua inakuja umeshachelewa. Faida ya mafuta yenyewe ni ya glasi.

Kanuni ni gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, mara nyingi ya pili kwenye kona kali na ya tatu kwenye nyoofu. Gesi imefungwa, klachi imeachiwa, injini inanguruma na kushikilia. Breki itumike kwa vipindi: shika kwa nguvu kabla ya kona sekunde mbili tatu, achia kabisa, ipoe. Kuigusa kidogo muda wote ndiko kunakoipika. Abiria akae karibu nawe, asisukume mgongo wako kila unapopunguza; mwambie kabla ya kuondoka. Simama Soni. Tone la maji kwenye kitovu cha nyuma likichemka na kutoweka papo hapo, subiri dakika 20. Usimwagie maji mengi, chuma cha moto kikipoa ghafla kinapinda au kupasuka.

Kuhusu Kitonga, mlima ulio kwenye barabara ya Morogoro hadi Iringa: mandhari yake yanastahili sifa, lakini ni barabara kuu ya malori ya Zambia na Kongo, na malori yaliyokwama au dizeli iliyomwagika kwenye kona si vitu vya pikipiki ndogo. Amani, juu ya Muheza, ni nzuri sana kipindi kikavu, kuna ada ya kuingia hifadhini, na barabara yake ni ya mawe na mizizi. Zote hizi ziache Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yake.

Ukirudi Dar, kabla hujaipeleka kuoshwa, fungua gurudumu la nyuma. Utakuta unga mweusi wa shuu umejaa kwenye dramu. Ufute kwa kitambaa chenye maji, usiupulize kwa mdomo, kisha pima cheni upya, kwa sababu baada ya mlima karibu lazima iwe imelegea.