Tope la Ras Mkumbuu

Nilikwenda Pemba kwa sababu mpwa wangu anayesomea jiolojia alihitaji mtu wa kumbebea mabomba, nami sijafika Ras Mkumbuu tangu utotoni. Boti ikatushusha Mkoani, daladala ikatufikisha Chake. Njia nzima karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu imetuganda kwenye nguo. Zaidi ya hapo sina la kusimulia mpaka kesho yake, tulipopanda ngalawa.

Ilikuwa bamvua na maji yanatoka kwa kasi. Nahodha, mzee wa makamo, alituangalia na vyuma vyetu.

"Mnatafuta mafuta?"

"Hapana, mzee. Tunatafuta umri wa tope."

Akacheka, akatema mate baharini, lakini akatupeleka.

Ndani ya mikoko tulizama hadi magotini. Chombo chenyewe ni mrija wa chuma wa nusu mita, uliokatwa upande mmoja na kutiwa bawa. Unausukuma chini, unauzungusha nusu duara, tope linafungika ndani, kisha mnavuta watu wawili huku mnalaani. Lililotoka lilikuwa jeusi, limejaa nyuzi za mizizi, linanuka mayai viza. Mpwa wangu alilipokea kama mtoto mchanga.

Nikalilaza kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa, nikaandika "juu" kwenye ncha ya chini.

"Mjomba! Umeshaigeuza historia!"

Ikabidi tuchimbe upya pembeni. Sikusema kitu, kosa ni langu.

Tulipopumzika, nahodha akauliza tena: tope linajuaje umri wake? Mpwa wangu akamuuliza kama wazee wake walikuwa wakihesabu miaka kwa tufani. Naam, akasema, babu yake alikuwa akisema fulani kazaliwa kabla ya tufani, fulani baada. Ile ya 1872, iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa.

"Basi majivu ya volkano ndiyo tufani ya tope," akasema mpwa wangu. Mlima ukilipuka, majivu huanguka kwa siku chache tu juu ya nchi nyingi, maziwa na bahari. Kila mlima una mchanganyiko wake wa madini, kama alama za vidole. Karibu na mlima tabaka ni nene, na hapo wataalamu hupima agoni, gesi iliyozaliwa kutokana na potasiamu ndani ya fuwele, wakapata umri. Mbali huko, ambako jicho halioni kitu, hutafutwa chembe za kioo za majivu hayo kwa hadubini. Zikilingana, matope mawili yaliyo mbalimbali yamepata siku moja ya pamoja.

Mfano alioupenda ni Toba, mlima wa Sumatra uliolipuka miaka kama 74,000 iliyopita. Njia ya kawaida ya kupima umri, kwa kaboni iliyobaki kwenye mizizi, mbao na mifupa, haifiki huko. Inaishia karibu miaka 50,000. Lakini chembe za Toba zilipatikana kwenye tope la Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Sumatra, na matokeo yakatangazwa 2013. Wapo waliosema mlipuko ule uliileta dunia baridi kali ya miaka mingi. Tope lililo juu ya chembe zile halikuonyesha baridi ya namna hiyo huku kwetu.

"Na hapa yamo?" akauliza nahodha.

"Hapa hayawezi kuwemo." Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, mkono huu wa bahari ulikuwa nchi kavu. Tope la mikoko hii ni changa, na umri wake atautafuta kwa kaboni ya mizizi.

Nilikiri kuvunjika moyo kidogo. Vyuma vyote vile! Mpwa wangu akanikumbusha Krakatau ya Agosti 1883: mwaka uliofuata mawe yake mepesi yalielea hadi Zanzibar.

Kwenye mchanga wa Ras Mkumbuu, chini ya magofu, niliokota jiwe la kijivu lenye matundu. Nahodha akalitia kwenye maji ya ngalawa, likaelea.

"Hilo wake zetu wanasugulia visigino," akasema.

Mpwa wangu akaling'ang'ania: bila maabara huwezi kujua limetoka mlima gani. Nikalitia mfukoni. Liko bafuni kwangu mpaka leo, na kila wiki ananipigia simu nilirudishe.