Yule wa Bawa Moja

Kijana wangu amefunga shule na kazi ya likizo: aandike kuhusu mtu wa ukoo wake aliyeshuhudia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Juzi jioni, tukimenya viazi, akaniuliza kama ni kweli babu yangu alifanya kazi na ndege. Nikamwambia ndiyo, tukaendelea kumenya. Lakini usiku usingizi ulinipaa, maana upo mchana mmoja wa 1994 ambao sijawahi kumsimulia mtu.

Babu alikuja kwetu Nakuru mwezi wa Agosti kutibiwa macho. Alitoka Maragoli na basi la usiku, na kulipokucha, badala ya kupumzika, akavaa koti lake na kuniambia nimpeleke makaburi ya Nakuru North, kule walikolazwa wanajeshi wa vita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, sina pa kwenda. Tukatoka. Njiani ndipo akaanza kusema, na Babu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Wakati wa vita mji huu ulikuwa na shule ya kivita. Mwaka 1941 Waingereza walihamishia hapa kikosi nambari 70 cha mafunzo cha Jeshi lao la Anga, kutoka Misri, na vijana wakaletwa kujifunza ndege za Blenheim. Ni ndege ya injini mbili na watu watatu. Babu alikuwa kibarua uwanjani, mwenye miaka kama kumi na tisa: kubeba petroli kwa madebe, kusukuma ndege, kuondoa kabari kwenye magurudumu injini zikishawaka. Aliniambia kupaa ndiko kulikomtisha. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta hukimbia sana chini kabla ya kukubali kunyanyuka. Injini moja ikizimika hapo, basi. Hakuna Mjerumani aliyewahi kufika Nakuru, lakini vijana walikufa.

Majina yao vibarua hawakuyajua. Wote walikuwa "bwana". Waliwatofautisha kwa kifua: rubani alishonewa mabawa mawili, wenzake wawili wakawa na bawa moja moja. Babu alizoeana na mmoja wa hao wa bawa moja. Alikuwa mtu wa simu ya upepo, yaani redio ya kupashana habari, na pia wa bunduki, kazi zote mbili kwa mtu mmoja. Wenzake walikaa mbele, mmoja akiendesha, mwingine akisoma ramani. Yeye alikuwa na tundu lake la kuingilia, juu ya mgongo wa ndege, akaketi peke yake ndani ya kibanda cha kioo, bunduki ikielekea mkiani.

"Wenzake wanaona wanakokwenda," Babu aliniambia. "Yeye anaona walikotoka tu."

Siku moja, wakingoja petroli ifike, yule kijana alichukua debe tupu akaligonga kwa kidole. Fupi, fupi, fupi, ndefu. Akampa Babu naye agonge. Babu akakosea, akarudishwa, akagonga tena mpaka ikakubali. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa salamu yao. Kabla ya kupanda, yule anagonga ubavu wa ndege. Babu, kabari mkononi, anajibu kwa kugonga debe. Ni herufi V katika Morse, lugha ya simu ya milio mifupi na mirefu, ile ambayo redio ya London iliitangaza 1941 kama alama ya ushindi. Babu hakuambiwa hivyo. Aliijua kama jambo la watu wawili.

Kisha akapata habari ya msiba nyumbani, akaomba ruhusa. Aliporudi, yule kijana hakuwepo. Mnyapara akamwambia amekwenda Misri na wenzake. Vibarua nao wakamwambia kuna ndege ilianguka alipokuwa hayupo. Hakuna aliyeona haja ya kumweleza kibarua ni nani alikuwemo.

Makaburini kulikuwa kimya, nyasi zimekatwa vizuri. Macho ya Babu yalikuwa na ukungu na kusoma hakujifunza kamwe, kwa hiyo nikawa nasoma mimi, jiwe kwa jiwe, kwa sauti. Namba, cheo, jina, kazi, tarehe, umri. Kwa wale wa anga kazi imechongwa kabisa: rubani, mwonyesha njia, mpiga bunduki. Nikifika kwa rubani, Babu ananisukuma kiwiko nisonge mbele. Nikifika kwa mtu wa simu ya upepo, ananiambia, "Rudia."

Wa kwanza alikuwa mtu mzima mno. "Wangu alikuwa mtoto," akasema. Wa pili alikufa mwezi ambao Babu alikuwepo uwanjani. Wa tatu akamkataa kabla sijamaliza umri wake. Aliinama, akapitisha kidole gumba ndani ya herufi taratibu, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, mdomo wake ukichezacheza, kisha akasimama na kupangusa kidole kwenye koti. Huyo naye hapana. Hapo nikaanza kuhisi kwamba hatukuja kumtafuta mtu. Tulikuja kuhakikisha hayupo.

Halafu tukafika kwenye jiwe moja karibu na mwisho wa mstari. Jina sitaliandika, ana watu wake. Simu ya upepo na bunduki. Mwaka ulilingana. Mwezi ulilingana na ule msiba wa nyumbani. Miaka 20. Nikasoma polepole, nikanyamaza.

Babu hakuniambia nirudie. Akaweka kiganja juu ya jiwe, lililokuwa na joto la jua la saa nane, akakiacha pale muda mrefu mpaka nikaanza kuangalia pembeni. Kidole chake cha shahada kikajiinua kidogo, kikabaki hewani. Hakugonga.

"Umesema cheo gani?"

"Sajenti, Babu."

"Basi si yeye. Wangu hakuwa sajenti."

Akageuka, akatafuta lango kwa fimbo yake, na nyumbani akala vizuri kuliko siku zote. Alirudi Maragoli wiki iliyofuata akiwaambia watu kwamba rafiki yake alifika Misri salama. Hakulitaja tena, na tulimzika na habari hiyo.

Miaka mingi baadaye, nikisoma mambo ya vita hivyo, nikakuta kwamba tangu 1940 kila kijana wa Jeshi la Anga la Uingereza aliyefuzu kuruka na kikosi cha ndege alipewa cheo cha sajenti kwa uchache. Mistari mitatu kwenye mkono, ya kuonekana na kila mtu. Babu alikuwa na macho ya kijana wakati ule. Bawa alilikumbuka mpaka uzi wake.

Huenda mistari aliisahau. Huenda pia alijua vizuri tu kilichokuwa chini ya kiganja chake. Sikumuuliza, na sidhani ningemuuliza hata kama siku ile ningekuwa nimeshayasoma haya.