Nilivyoisubiri IST yangu kutoka Yokohama hadi Gati Namba 0

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2005, chesesi ya NCP60, injini ya cc 1,290, nililoliagiza Japani mwanzoni mwa mwaka 2022. Wengi hueleza namna ya kuchagua gari na namna ya kulipa kwa TT (uhamisho wa fedha wa benki kwa benki), lakini kipindi kilicho kati ya kulipa na kukabidhiwa funguo hukipita upesi, kana kwamba mtu hukaa tu akingoja simu ya wakala wa forodha. Mimi kipindi hicho ndicho nilichokifanyia kazi zaidi, kwa sababu meli huwezi kuiharakisha, ilhali siku zinazofuata baada ya meli kufunga gati, ambazo ndizo hasa zinazokula fedha, unaweza kuzipunguza ukiwa umejiandaa.

Muuzaji alinitumia tarehe mbili, ya kuondoka Yokohama na ya kufika Dar es Salaam, na zote mbili zilibadilika kabla hata gari halijapakiwa. Mwaka ule meli za kubeba magari zilikuwa adimu duniani kote, hivyo magari yalikaa kwenye yadi za bandari za Japani yakisubiri nafasi. Tangu tarehe ya kwanza iliposogezwa mbele sikupanga tena jambo lolote kwa kuitegemea: fedha za ushuru niliziacha benki, na ndugu waliokuwa wakiniulizia safari ya Pasaka niliwaambia wakate tiketi za basi.

Gari lilipopakiwa nilipewa jina la meli, nikaanza kuifuatilia kwenye MarineTraffic. Meli hutangaza mahali zilipo kwa mawimbi ya redio, lakini vituo vya nchi kavu huzipata zikiwa karibu na pwani tu, na taarifa za bahari kuu hutoka kwenye setilaiti na hulipiwa. Kwa hiyo niliiona ikiiacha pwani ya Japani, nikaiona Singapore, ikapita mlango bahari wa Malaka, kisha alama yake ikaganda mahali pamoja kana kwamba imekwama. Asiyejua sababu huingiwa na hofu, na mwaka ule hofu ilikuwa na pa kushika, maana mwezi Februari meli ya magari iitwayo Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores, ikazama tarehe 1 Machi ikiwa na magari yapatayo 4,000. Ile ilikuwa Atlantiki, mbali kabisa na njia yetu, lakini ilinifanya niisome tena ankara yangu na kuhakikisha kwamba bei niliyolipa ilikuwa ya CIF, yaani yenye bima ya baharini ndani yake, na si ya nauli peke yake.

Jambo lililonifaa kuliko yote ni kuikagua BL, yaani hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Kabla hati yenyewe haijachapishwa, muuzaji hutuma rasimu ili mnunuzi aithibitishe, na wengi hujibu kwamba iko sawa bila kuisoma. Niliweka rasimu upande mmoja na picha ya kibati chenye namba ya chesesi upande wa pili, nikasoma tarakimu moja baada ya nyingine, nikakuta mbili zimebadilishana nafasi. Wakati ule marekebisho yalikuwa suala la barua pepe moja. Kosa hilohilo likishaingia kwenye manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, huwa ni maombi, ada na kusubiri, huku gari likiwa bandarini na tozo ya hifadhi ikihesabika. Nilikagua pia jina langu lilingane herufi kwa herufi na lililo kwenye TIN, namba yangu ya mlipakodi. Nyaraka halisi, yaani BL, ankara na cheti cha kufutiwa usajili Japani pamoja na tafsiri yake, zilikuja kwa kampuni ya vifurushi, nazo zilinifikia meli ikiwa bado baharini.

Kuhusu kodi, anayesubiri gari asitumie bei aliyonunulia. Mamlaka ya Mapato (TRA) ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, uliopo kwenye tovuti yake, na thamani ya mfumo huo ndiyo inayokatiwa kodi. Kwa gari langu ilikuwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa kuwa gari lilikuwa limepita miaka 10, na VAT ya asilimia 18 iliyokokotolewa juu ya vyote hivyo. Ukijumlisha, kodi hukaribia kuwa sawa na thamani yenyewe ya gari. Wakala aliwasilisha tamko la forodha kabla meli haijafika, nikapata namba ya kumbukumbu ya malipo, nikalipa.

Alama ya meli iliporudi ilikuwa tayari ukanda wetu, nayo ikatia nanga nje ya bandari kusubiri zamu ya kuingia Gati Namba 0, ambako magari huteremshwa yakiendeshwa moja moja. Wakala alinipigia: “Kaka, imefunga gati, lakini usije leo.” Ushauri wake ulikuwa mzuri, kwa sababu gari lilipaswa kwanza kuhesabiwa na kupangwa yadi, kisha kukaguliwa na Shirika la Viwango (TBS), ukaguzi ambao tangu Aprili 2021 ulikuwa umehamishiwa hapa nchini.

Siku ya kulitoa nililizunguka nikiwa na picha zake za mnadani Japani kwenye simu kabla ya kutia saini. Jeki na spana ya magurudumu, vilivyoonekana wazi kwenye picha, havikuwapo. Wakala alisema ni kawaida. Mimi ukawaida huo siukubali, lakini kufungua madai kwa ajili ya jeki kungenigharimu siku nyingine ya hifadhi, nikaandika upungufu huo kwenye karatasi ya makabidhiano na kuondoka.

Kila nilipowasha gari, sauti ya mwanamke ilinisemesha Kijapani kwa adabu nyingi, ikinijulisha kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, na redio nayo ilikomea masafa ya FM 90 kwa vile Japani hutumia masafa ya chini kuliko yetu. Fundi wa umeme pale Gerezani alikichomoa kisanduku cha kadi, akanifungia kifaa cha kubadili masafa, na kazi yote ikaisha kabla ya adhuhuri.