Nilivyoacha kuhama na nikaanza kusafiri

Mwenzenu mimi napenda kutokelezea, sitaki kudanganya mtu hapa. Nikipanga safari kitu cha kwanza kuwaza sio pa kulala wala ramani, ni nitatupia nini siku ya kwanza, siku ya pili je, na nikifika kwenye maporomoko nitapiga picha na gauni gani. Kwa hiyo safari yangu ya kwanza ndefu, siku tisa, nilijaza sanduku mpaka nikalikalia ndo zipu ikakubali kufunga. Jozi sita za viatu. Sita, na miguu ni hii hii miwili!

Pale kaunta ya uwanja wa ndege mzani ukasoma kilo 27 na tiketi yangu inaruhusu 23, nikaambiwa nilipie au nipunguze, basi nikafungua sanduku pale pale sakafuni foleni nzima nyuma yangu inazitazama nguo zangu za ndani, nikavaa majaketi mawili juu ya sweta na viatu vizito kuliko vyote nikaingia kwenye ndege jasho linanitiririka. Shoga angu niliyekuwa nasafiri naye akaniangalia tu akasema, "Hivi wewe unasafiri au unahama?"

Nikacheka. Lakini kila tulipobadilisha pa kulala kazi yangu ilikuwa kuburuta lile sanduku, siku ya tatu tairi moja likang'okea kwenye ngazi za mawe, kuanzia hapo likawa linalalamika barabarani watu wanageuka. Kilichoniuma zaidi ni siku ya tano. Kulikuwa na njia ya kupanda kilimani, ukifika juu unaliona ziwa lote chini yako, na mimi nimevaa raba mpya nyeupe nilizonunua wiki ile ile eti zinaendana na suruali. Hata nusu sijafika visigino vimeshatoa malengelenge, nikakaa kwenye jiwe nikavua, shoga angu akapanda mwenyewe akarudi na kunionyesha ziwa kwenye simu. Yaani nimesafiri kote kule kuja kuangalia ziwa kwenye simu, si ningebaki tu nyumbani?

Niliporudi nikamwaga nguo zote kitandani nikahesabu, nilizovaa hazikufika nusu. Nyingine zilirudi na mikunjo ile ile niliyoondoka nayo.

Safari iliyofuata nikajiwekea sharti, begi moja la mgongoni lisizidi kilo 7, maana mashirika mengi ya ndege mzigo wa kuingia nao ndani mwisho wake ni hapo (mengine yanaruhusu zaidi, soma tiketi yako). Na nilichokataa kabisa ni kusafiri nimechakaa. Hilo hapana.

Kilichoniokoa ni rangi. Suruali moja nyeusi, moja ya kaki, fulana nne ambazo kila moja inakubali kuvaliwa na suruali yoyote kati ya hizo, tayari una mavazi manane tofauti, hapo bado hujaongeza shati jepesi la kuvaa wazi juu yake ukapata mengine manane. Hesabu ya darasa la pili lakini maisha yangu yote sikuwahi kuifanya. Nguo inayotaka mwenzake mmoja tu ndo ipendeze ilibaki kabatini, hata iwe nzuri vipi. Gauni langu la njano niliagana nalo kwa uchungu wallahi.

Halafu kuna hili la pamba, na hapa wapenda kupiga pamba tusikilizane vizuri. Pamba ni tamu kwenye joto, lakini ukipanda mlima nayo inanyonya jasho lote na haikauki upesi, ukisimama kupumzika upepo ukakupiga unaanza kutetemeka. Na juu kunakuwa na baridi kweli, kwa wastani joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtu anatoka chini kwenye nyuzi 28 anafika mita 2,000 juu zaidi anakuta kama 15, na tisheti yake imelowa. Siku hizi fulana mbili kati ya zile nne ni za kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Juu yake sweta jembamba, juu ya sweta jaketi jepesi la kuzuia upepo na mvua, navaa na kuvua kadiri siku inavyokwenda. Suruali za jinsi nimeacha kubeba kabisa, ni nzito, na ikinyeshewa jioni kesho asubuhi bado inakusubiri na maji yake.

Viatu nilinunua miezi miwili kabla. Nilienda dukani jioni makusudi kwa sababu miguu inavimba kidogo mchana kutwa, kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukubana baada ya kutembea masaa manne. Nikawa nafagia navyo, naenda navyo kila mahali, mpaka vikanizoea. Nikaongeza sandozi za jioni, basi, jozi mbili.

Ila shujaa wa begi langu ni mtandio. Mmoja tu, mkubwa, mwekundu. Kwenye ndege ni blanketi, jua likiwaka unafunika shingo, na sehemu za ibada unafunika mabega au kichwa bila kuhangaika, kwa mfano pale Basilika ya Mtakatifu Petro kule Vatican ukienda mabega wazi au kaptula fupi unarudishwa mlangoni. Wekundu niliuchagua kwa ajili ya picha, ukisimama mbele ya msitu au maji rangi hiyo inakutoa hata ukiwa mdogo kama punje, na hakuna anayegundua kwamba suruali ni ile ile ya jana. (Nguo za mabaka ya jeshi mwenzangu ziache nyumbani hata kama ndo fasheni, kuna nchi kama Jamaica na Barbados mtu asiye mwanajeshi haruhusiwi kuzivaa, na mtalii naye yumo.)

Picha zenyewe nilizihamishia asubuhi, lile saa la kwanza baada ya jua kuchomoza, mwanga unakuja kwa ubavu na umelainika, na watu bado wamelala kwa hiyo daraja zima ni lako. Saa sita mchana uso unakuwa na vivuli chini ya macho, hata ungevaa nini haisaidii.

Kufua ni kila usiku, fulana moja kwenye sinki, naikamua, naizungushia ndani ya taulo kavu nakanyaga kwa miguu, taulo linanyonya maji mengi sana, asubuhi imekauka. Si kila mahali lakini. Tulipokuwa karibu na bahari hewa nzito ile, fulana yangu iligoma siku nzima, nikaivaa na unyevunyevu wake nikijifanya sioni.

Na kilima nilipanda safari hii. Kingine, sio kile, ila nacho kilikuwa na maji chini yake ya buluu mpaka unahisi mtu kaongeza rangi, nikakaa juu kama lisaa limoja hata simu nikasahau kuitoa. Shoga angu ndo akanikumbusha, akapiga picha mbili tatu, akaziangalia, akaniuliza, "We suruali hiyo hiyo tena, huna nyingine?"

Nikamwambia ninayo, iko kwenye kamba inakauka.