Siku moja kwenye chumba cha vipimo: kusoma na kufikiri kwa viziwi wasioona

Saa 1:00 asubuhi
Kazi inaanza na kiti. Kiti cha mgeni, yaani anayekuja kupimwa, kinawekwa mgongo ukiwa dirishani, ili mwanga umwangukie mkalimani wa lugha ya alama usoni na mikononi. Mkalimani akikaa dirisha likiwa nyuma yake, mgeni ataona kivuli kinachochezesha mikono. Wengi wa wanaokuja hapa wana ugonjwa wa Usher: ukiziwi, mara nyingi wa kuzaliwa, kisha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayokufa taratibu kuanzia pembeni, mpaka mtu anaona kama anachungulia kwenye mrija. Kwa huyo mkalimani hakai karibu. Anakaa mita moja na nusu hadi mbili, na alama zote zinafanyika kifuani, zisipande juu ya kichwa wala kushuka kiunoni, maana huko hazionekani.

Jambo la nguo. Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani inasema mkalimani avae nyeusi. Hiyo inafaa mikono myeupe. Kwa mikono yetu vaa kitambaa kisicho na maua, cha rangi ya maziwa au bluu mpauko, kisichong'aa.

Saa 2:00
Mgeni amefika kutoka juani, asipimwe. Retina yenye ugonjwa huu huchelewa sana kuzoea mwanga wa ndani, kwa hiyo anapewa nusu saa na chai. Muda huo unatosha kukagua shime sikio, kifaa cha kumsaidia kusikia. Betri hizi hufanya kazi kwa hewa: ukishabandua kibandiko (cha bluu kwa namba 675, cha chungwa kwa namba 13), iache dakika chache ndipo uifungie ndani. Ukiharakisha haipati nguvu yake kamili. Kisha tazama kimrija kinachopeleka sauti sikioni. Kwa joto na unyevu wa pwani, tone moja la maji ndani yake linatosha kuziba sauti, na mtu anaonekana "haelewi maswali" kumbe hakuyasikia. Tone linapulizwa kwa mpira wa mkono, si kwa mdomo, maana pumzi nayo ina unyevu.

Saa 3:00
Vidole. Hapa ndipo wapimaji wengi wanaruka, na matokeo yote ya baadaye yanapinda.

Herufi ya nukta nundu, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, ina nafasi sita, na nukta hadi nukta ni kama milimita 2.5. Ncha ya kidole chenye afya inatenganisha vitu viwili vilivyoachana milimita 2 hadi 3. Yaani maandishi haya yako ukingoni kabisa mwa uwezo wa ngozi. Umri unausogeza ukingo huo, na kisukari kinausogeza zaidi kwa kuharibu neva. Wenye ugonjwa wa Alström, ambao pia hupoteza kuona na kusikia, mara nyingi wana kisukari tangu ujanani. Kwa hiyo kila kidole cha shahada kinapimwa peke yake, kulia na kushoto, kwa nyuzi laini za nailoni na kwa ncha mbili. Mtu anaweza kuwa amesoma miaka 20 kwa mkono wa kulia na leo wa kushoto ndio uliobaki na hisia. Mwambie. Wengine hawajui, wanadhani wamesahau kusoma.

Saa 4:00
Kumbukumbu. Kipimo cha kawaida ni kurudia tarakimu, moja kila sekunde. Kwa sauti, watu wazima wengi hushika kama saba. Kwa lugha ya alama, hata viziwi wasomi wenye macho mazuri hushika kama tano. Tofauti hiyo inatokana na njia, si na kichwa. Basi anayepokea alama kwa kugusa mikono ya mkalimani akishika tano, usiandike "kumbukumbu dhaifu".

Kabla ya kuanza, tarakimu 1 hadi 9 zinapitishwa mkononi moja moja, bila mpangilio, na anarudisha kila moja papo hapo. Alama zinazotofautiana kwa kidole kimoja tu huchanganyika zikiguswa. Asiyerudisha zote tisa sawasawa hapimwi kumbukumbu. Kwanza inatafutwa njia nyingine, kwa mfano kuandika herufi kubwa kiganjani.

Baada ya dakika 20 wakalimani wanapokezana, bila kujali kama aliyepo anasema bado ana nguvu. Mkono uliochoka hulegeza alama, na anayelipa ni mgeni.

Kipimo kigumu zaidi ni cha kushika kitu huku unafanya kingine. Mgeni anasoma sentensi, anasema kama ina maana ("Samaki alivaa viatu", hapana), na baada ya sentensi tatu anataja maneno ya mwisho. Kwa nukta nundu kila sentensi inachukua muda mrefu kuliko kwa macho, kwa hiyo neno la kwanza linakaa kichwani muda mrefu zaidi. Sekunde za kila sentensi lazima ziandikwe, la sivyo matokeo mawili yanayofanana yatakuwa na maana mbili tofauti.

Saa 6:30 mchana
Chakula, na karatasi za hospitali. Kipimo cha MoCA, cha haraka cha kumbukumbu na kufikiri, kina alama 30, na chini ya 26 mtu hutiliwa shaka. Kiziwi asiyeona hawezi kuchora saa wala kumtaja ngamia wa mchoroni asiyemwona. Lipo toleo la wasioona, lenye alama 22 na mpaka wa 18, lakini linasomwa kwa sauti! Tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 iliongeza kutoona kusikotibiwa kwenye orodha ya mambo yanayochangia ugonjwa wa kusahau uzeeni, na kutosikia kulikuwemo tayari. Ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito, na kwa sababu hiyohiyo mtu asipachikwe jina la ugonjwa huo kwa sababu hakuona mchoro.

Saa 8:00
Kusoma. Kiswahili kinatamkwa kama kinavyoandikwa, na hilo hudanganya: mtu anaweza kutaja herufi zote bila kosa na asiambulie maana. Hivyo vipimo ni viwili. Kwanza maneno yasiyokuwepo, kama "tabuko" na "midale", kuona kama kidole kinatambua herufi. Kisha maana.

Makosa yasomwe, yasihesabiwe tu. Anayesoma "jana" badala ya "hana", au "mbili" badala ya "mbele", tatizo lake liko kidoleni: kwa nukta nundu H na J ni taswira ya kioo ya kila mmoja, vivyo hivyo E na I, D na F, R na W. Kidole kinachosugua juu na chini badala ya kuteleza kinasema hivyohivyo. Lakini mkono unaoteleza vizuri hadi kwenye "wasipotujulisha" na kusimama, hapo ni lugha. Neno moja limebeba nani, kukanusha, sharti na nani anayejulishwa, na kwa aliyekulia lugha ya alama mambo hayo hayakai ndani ya neno. Mpe sentensi ileile kwa alama. Akijibu sawasawa, kinachohitajika ni somo la viambishi, na darasa hilo lipo Jumanne.

Kasi isihesabiwe kwa maneno kwa dakika. "Hawatanisahau" ni neno moja lenye kazi ya maneno matano ya Kiingereza. Zihesabiwe herufi.

Saa 10:00 jioni
Ripoti. Mstari wa kwanza unataja njia iliyotumika, mkono uliosoma, mapumziko, na vipengele vilivyoachwa pamoja na sababu. Nakala ya mgeni inapigwa kwa nukta nundu. Ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kama kurasa tatu, kwenye karatasi nene. Zihifadhiwe zikiwa zimesimama, maana zikilazwa na unyevu huu nukta hulala.

Saa 11:00 mwongozaji anakuja kumchukua. Ikishafika saa 12 giza linaingia, na mwenye Usher aliyetembea asubuhi bila fimbo hataiona hata ngazi ya mlangoni.